Kuharakishwa: neno moja katika kifo cha kipa Jimmy Thorpe

Jumamosi, 1 Februari 1936, uwanja wa Roker Park mjini Sunderland. Mpira unarudishwa nyuma kwa kipa. Kipa anauokota na kuukumbatia. Washambuliaji wa Chelsea wanamfikia, na miguu yao inaendelea kuutafuta mpira pale ulipo, yaani mikononi mwake. Anapigwa teke la kichwa na la kifua.

Anaendelea kudaka mpaka kipenga cha mwisho. Sunderland, waliokuwa wakiongoza 3-1, wanatoka sare ya 3-3. Kipa anarudi nyumbani, anaanguka, anapelekwa hospitali.

Jumatano, 5 Februari, anafariki. Ana miaka 22.

Wanaofuatilia historia ya soka la Uingereza wanalijua jina la Jimmy Thorpe, kijana wa Jarrow aliyejiunga na Sunderland mwaka 1930 na kuichezea mechi 123 za ligi. Wanajua pia kwamba kifo chake kilibadili sheria. Kwa wiki kadhaa mimi nimekwama kwingine, kwenye kauli ya jopo la raia waliochunguza kifo hicho. Walisema alikufa kwa kisukari na moyo kushindwa kufanya kazi, na kwamba kifo hicho kiliharakishwa na ukali aliotendewa na timu pinzani.

Kiliharakishwa.

Hawakusema kilisababishwa. Hawakusema pia kwamba kilitokea tu.

## Kulipima neno

Mwanzoni nililiona kama neno la kukwepa. Kijana anapigwa mateke mbele ya maelfu ya watu, anakufa siku ya nne, halafu ugonjwa ndio unatajwa mwanzo na mateke yanafuata nyuma kama kiambatisho. Ni kama kusema safari alikuwa nayo tu, wao walimfungulia mlango.

Nikajaribu kuligeuza kwa Kiswahili kila namna: kilisogezwa mbele, kilisukumwa, kilichochewa. Kila neno linabeba uzito wake. "Kuchochea" linaonyesha moto ambao tayari unawaka. "Kusukuma" linadai mkono wa mtu. "Kuharakisha" ndilo lililo karibu zaidi, na ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu linakubali kwamba mwisho ulikuwepo na linabishana na saa tu.

Kilichonigeuza ni kitabu ambacho hakina uhusiano wowote na mpira. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 213, na ya Tanzania, kifungu cha 203, zote mbili zikiwa na mizizi katika sheria ya Kiingereza, zinaeleza ni lini mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo cha mwenzake. Mojawapo ya hali zinazotajwa ni hii: kuharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ana ugonjwa au jeraha ambalo lingemuua hata bila tendo hilo.

Kwa hiyo mbele ya sheria, kuharakisha ni kusababisha. Mgonjwa unamkuta alivyo, na unalibeba tendo lako lote.

Jopo la Sunderland halikuwa likimshtaki mtu kwa jinai, na katika maneno hayo hakuna jina la mchezaji, ipo timu. Lakini tangu nilipokisoma kifungu kile sijaweza tena kuliona neno lao kuwa la woga. Raia wa mji wa bandari walilitazama shirika la soka lenye nguvu, mchezo unaopendwa, na daktari anayesema "kisukari", wakakataa kuishia hapo.

## Kipa aliruhusiwa kufanywa nini

Ili kupima "ukali" ni lazima kwanza kuuondoa mchezo wa leo kichwani. Sheria za wakati huo zilimruhusu mshambuliaji kumvamia kipa kwa bega katika hali tatu: kipa akiwa ameshika mpira, akimzuia mpinzani, au akiwa nje ya eneo dogo la goli. Angalia hali ya kwanza. Leo kushika mpira ndiyo kinga ya kipa. Mwaka 1936 kushika mpira ndiko kulikomfanya aweze kuvamiwa.

Tena mpira wenyewe ulikuwa halali kupiganiwa hata ukiwa mikononi. Mshambuliaji aliyeupiga teke ukachomoka kifuani mwa kipa na kuingia golini alikuwa ametimiza kazi yake, ilimradi mwamuzi aone kwamba aliulenga mpira. Na mwamuzi alikuwa mmoja, akikimbia kwenye tope la Februari, akiwa na wasaidizi wawili walioko mbali kwenye mistari ya pembeni. Miguu minne ikiwa imezunguka kitu cha duara kilichofunikwa na mwili wa mtu, nani angejua kiatu kipi kililenga nini?

Makipa walijifunza kuishi ndani ya sheria hiyo. Mbinu ilikuwa na hatua zake. Unapousogelea mpira wa chini unaweka mguu mmoja nyuma ya mikono, ili mpira ukikuponyoka ugonge muundi. Unauokota na kuuvuta tumboni papo hapo, viwiko vikiwa vimebana mbavu. Kisha unageuza bega, si kifua, upande anakotoka mpinzani, ili akikuvaa mgongane mfupa kwa mfupa. Halafu unauondoa haraka: tangu 1931 kipa aliruhusiwa hatua nne akiwa na mpira, badala ya mbili za awali. Kila sekunde ya ziada ilimkaribisha mtu wa kukuvaa.

Hatari kubwa ilikuwa katikati ya mlolongo huo, wakati umeinama. Kichwa kiko mbele, mikono ina kazi, bega bado halijageuka. Na ukishakwenda chini huna bega la kugeuza. Una mgongo na kichwa tu, na mpira uko chini yako.

Pasi ya nyuma iliongeza tatizo hilo, kwa sababu mara nyingi huja polepole, na mshambuliaji huifukuza kwa kasi kuliko inavyotembea yenyewe.

## Ngozi na misumari

Mpira wa ngozi, ukiwa mkavu, haukuzidi takribani gramu 425. Hiyo ni mizani ya kabla ya kipenga. Ngozi ile ilinyonya maji kupitia mishono na kupitia tundu la kamba lililofungia kibofu cha ndani, na kipindi cha pili uzito wake ulikuwa mwingine kabisa. Mpira mzito wenye matope haugandi kifuani; unateleza kuelekea tumboni, na kipa huufuata kwa kujikunja. Hapo ndipo mateke yanapompata.

Glavu hazikuwa kinga. Makipa waliovaa walivaa za sufu siku za mvua, wengi wakidaka mikono mitupu. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1934, Frank Swift wa Manchester City, akiwa na miaka 20, alimwona kipa wa Portsmouth hana glavu, naye akaamua kuziacha zake. Kiwanja kimelowa. Shuti likampita vidoleni. City walishinda 2-1 hata hivyo, na Swift alizimia uwanjani mechi ilipokwisha.

Njumu zenyewe zilikuwa buti: ngozi nene inayopanda juu ya kifundo, ncha ngumu mbele, na soli yenye vipande vya ngozi vilivyopigiliwa kwa misumari. Vipande vilipolika, misumari ilichomoza. Teke la kifua kwa kiatu kama hicho si sawa na kiatu laini cha siku hizi.

## Kwa nini hakutoka?

Swali hili kila msomaji wa leo huliuliza, na jibu lake ni fupi: hakukuwa na wa kuingia.

Ligi ya Uingereza haikuruhusu mchezaji wa akiba mpaka msimu wa 1965-66. Kipa akitoka, timu inabaki na kumi, na mmoja wao anavaa jezi ya kipa. Machi 1935 Frank Moss wa Arsenal aliteguka bega akicheza Goodison Park dhidi ya Everton. Akafungwa bega, akarudi uwanjani kama winga wa kushoto, akafunga goli. Arsenal walishinda 2-0. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko na kwa sifa, nami nilikuwa mmoja wa wanaoisifu. Sasa naisoma kama mtu aliyeteguka bega ambaye hakupewa nafasi ya kuketi.

Ipo pia fedha. Mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo cha pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Bonasi ya ushindi ilikuwa pauni 2, ya sare pauni 1. Kwa mtoto wa Jarrow hizo zilikuwa fedha nyingi: kiwanda cha meli cha Palmers, kilichoulisha mji ule, kilikuwa kimefungwa, na Oktoba mwaka huohuo wa 1936 wanaume wapatao 200 wa Jarrow wangetembea kwa miguu mpaka London kudai kazi. Mtu anayetoka mahali pale hamwachii mwingine lango kwa sababu kichwa kinamuuma.

## Kijiko kimoja, matone manane

Sehemu ya ugonjwa ndiyo niliyoichelewesha zaidi, kwa kuwa niliogopa ingenirudisha kwenye dhana yangu ya kwanza, kwamba neno "kisukari" liliwekwa pale kuwaosha mikono wachezaji.

Insulini ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Januari 1922 huko Toronto, kwa mvulana wa miaka 14. Thorpe alizaliwa Septemba 1913. Wachezaji wa rika lake wenye kisukari ndio wa kwanza katika historia ya soka walioweza hata kufikiria kucheza. Kabla yao mgonjwa aliyehitaji insulini alinyimwa chakula ili aishi miezi kadhaa zaidi.

Lakini insulini ya 1936 haikuwa ya leo. Ilitengenezwa kutoka kongosho la ng'ombe na nguruwe. Ile ya kawaida ilianza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, ikafika kilele kati ya saa mbili na nne, ikaisha nguvu baada ya saa sita mpaka nane. Mgonjwa alijidunga kabla ya mlo, mara mbili au zaidi kwa siku, kwa bomba la kioo na sindano ya chuma ya kuchemsha na kunoa. Fanya hesabu ya siku ya mechi: anayejidunga saa sita mchana anakutana na kilele cha dawa kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Mechi za majira ya baridi zilichezwa saa hizohizo, kwa kuwa hakukuwa na taa.

Kupima sukari kulikuwa hivi. Unatia kijiko kimoja cha chai, kama mililita 5, cha dawa ya bluu ya Benedict ndani ya bomba la kioo. Unaongeza matone manane ya mkojo. Unalitumbukiza bomba kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Likibaki bluu, hakuna sukari. Kijani ni kidogo, njano ni zaidi, rangi ya chungwa ni mbaya, nyekundu ya tofali ni hatari.

Kipimo hicho kina kasoro mbili ambazo kila anayeishi na ugonjwa huu atazitambua mara moja. Kinaeleza habari za saa zilizopita, tangu kibofu kilipoanza kujaa, si za sasa. Na bluu yake haitofautishi sukari nzuri na sukari iliyoshuka mpaka mtu anatetemeka.

Sasa weka jeraha juu ya hayo. Mwili uliopigwa humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko. Ini hufungulia sukari kwenye damu, na insulini ileile ya jana haitoshi tena. Mgonjwa akianza kutapika, watu wa nyumbani hufanya kosa linaloonekana kuwa la busara: hajala, basi asidungwe. Leo kila kliniki ya kisukari hufundisha kinyume chake, kwamba siku ya kuumwa insulini haikatishwi, pengine huongezwa. Bila insulini mwili huyeyusha mafuta, damu hugeuka asidi, maji hupotea kwa mkojo na matapishi, chumvi ya potasiamu huvurugika, na kiungo kinachoumia mapema kwa uvurugikaji huo ni moyo.

Baada ya kuyapitia haya, kuviona kisukari na moyo vikikaa pamoja katika hukumu moja hakukunishangaza tena. Wala "kuharakishwa". Teke ambalo kipa mwingine angelipona kwa barafu na siku mbili za kulala, kwa mwenye kisukari cha 1936 lilikuwa mwanzo wa mteremko. Jopo lile lilikuwa sahihi kitabibu kuliko nilivyokuwa mimi na hasira zangu.

## Basi asingecheza?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na nakiri nimebadili mawazo zaidi ya mara moja.

Ni rahisi kuilaumu klabu: mgonjwa, nafasi ya hatari, mnamweka langoni? Lakini hoja hiyo inamwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Gary Mabbutt, mwenye kisukari na aliyejidunga insulini karibu maisha yake yote ya soka, aliinua Kombe la FA mwaka 1991 akiwa nahodha wa Tottenham. Nacho Fernández aligunduliwa kuwa na kisukari akiwa na miaka 12, akaambiwa na daktari mmoja kwamba mpira basi, na ametwaa Ligi ya Mabingwa mara sita na Real Madrid. Wote wawili walikuwa mabeki, watu wa kugongana.

Tofauti yao na Thorpe haimo kwenye damu. Walikuwa na mashine ya kusoma sukari, insulini za aina mbalimbali, daktari anayejua, na mchezaji wa akiba akipasha misuli moto pembeni. Thorpe alikuwa na bomba la kioo na sheria iliyomruhusu mtu kuupiga teke mpira uliokuwa kifuani mwake.

Kwa hiyo sioni kosa katika yeye kusimama pale. Naliona katika kilichoruhusiwa kumfikia.

## Mguu ulizuiwa, bega likabaki

Baada ya kifo chake sheria ilibadilishwa: mchezaji hakuruhusiwa tena kumwinulia mguu kipa anayeumiliki mpira mikononi. Makala nyingi huishia hapo, kana kwamba makipa walikuwa salama kuanzia siku hiyo.

Si kweli. Kilichopigwa marufuku ni mguu. Bega liliachwa kama lilivyo, na miaka ishirini baadaye tunaona matokeo yake kwenye fainali tatu mfululizo za Kombe la FA. Mwaka 1956 Bert Trautmann wa Manchester City alikwenda miguuni mwa mshambuliaji wa Birmingham, akavunjika shingo, akamaliza mechi. Hilo angalau lilikuwa ajali. Mwaka 1957 Ray Wood wa Manchester United alivaliwa na Peter McParland wa Aston Villa dakika ya sita, akavunjika mfupa wa shavu. Hakukuwa na akiba. Jackie Blanchflower, beki, akaenda langoni, na McParland akafunga yote mawili ya Villa katika ushindi wa 2-1. Mwaka 1958 Nat Lofthouse wa Bolton alimvaa Harry Gregg, kipa wa Manchester United, kwa bega akiwa na mpira, Gregg na mpira wote wakaingia golini, na goli likakubaliwa. Gregg huyo alikuwa ametoka hai kwenye ajali ya ndege iliyobeba timu yake mjini Munich miezi mitatu kabla.

Naelewa kwa nini sheria ya 1936 ilikuwa nyembamba hivyo. Ilikata pale tu palipotoka damu. Bega halikuwa limemuua Thorpe, basi bega halikuguswa.

Leo kipa anahesabiwa kuumiliki mpira hata akiubana tu kati ya kiganja na ardhi, na hapo mpinzani haruhusiwi kumgombania. Ulinzi huo ulijengwa kipande kwa kipande, na kipande cha 1936 ni kimojawapo.

Na kuna jambo ambalo sikulitazamia. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mwenzake kwa mguu. Sababu ilikuwa nyingine kabisa: timu zilikuwa zinapoteza muda. Lakini ukiisogeza sheria hiyo nyuma miaka 56, ukaiweka Roker Park siku ile, inamgusa kipa mahali palepale alipoinama. Angeupiga kwa mguu, akiwa wima.

## Baada ya Thorpe

Machi 1936 Sunderland walimnunua kipa kutoka Reading, Johnny Mapson, mwenye miaka 18. Tarehe 13 Aprili waliwafunga Birmingham 7-2 ugenini na kutwaa ubingwa wa ligi, wa sita kwao. Hawajautwaa tena tangu hapo. Mwaka uliofuata, Mapson akiwa bado hajafikisha miaka 20, waliwafunga Preston 3-1 Wembley na kuchukua Kombe la FA kwa mara yao ya kwanza.

Medali ya ubingwa ya Thorpe alikabidhiwa mjane wake.